Kwa Mwanangu, Kuhusu Ng'ombe wa Mzee Hango

Mwanangu Jumanne,

Habari za sabuni, nauli na kuamkia wakubwa utazisikia asubuhi kwa mdomo. Hizo nikizianza hapa sitazimaliza, nawe utaitikia "ndiyo mama" bila kusikiliza. Naandika jambo moja tu, ambalo kila nikilianza kwa mdomo wewe unainuka na kutoka nje, nami nabaki nazungumza na kiti.

Kesho utalala Manyoni kwa mjomba wako Iddi. Siku itakayofuata ni Jumapili, siku ambayo wafungwa wanaruhusiwa kuonana na ndugu zao. Basi la kukupeleka shuleni Dodoma utalipanda Jumatatu. Safari nimeipanga hivyo makusudi, na wewe umelijua hilo, ndiyo maana juzi ukaniambia mbele ya mama mwenye nyumba, "Jumapili nitashinda stesheni naangalia treni. Mimi sina mtu gerezani."

Mama mwenye nyumba alicheka akasema, "Mwache, mwenzangu, mtoto ana haya zake." Nikanyamaza, kwa sababu chumba ni chake na mimi si mtu wa kugombana na mwenye chumba. Lakini nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika eti kwa kuwa unasafiri. Wazazi wengine huandika barua kama hii wakilia. Mimi naandika meno yakiwa yameumana.

Mtu unaye gerezani. Unaye kwa sababu ya mguu wako wa kulia.

Najua unajua. Unajua kwa namna watoto wanavyojua mambo ya nyumbani, vipande vipande, na vipande vingi umevipata kwa watu wasiotupenda. Sasa utapata habari nzima kutoka kwangu. Nimeisomea kazi ya kuandika, na kazini naandika kila ninachoambiwa niandike. Leo naandika nisichoambiwa.

Unakumbuka zizi letu la kijijini, kabla hatujahamia hapa Ikungi. Unakumbuka ng'ombe, kwa sababu uliwachunga. Ulikuwa unawaita "ng'ombe zetu", na hakuna aliyekurekebisha. Hawakuwa wetu. Walikuwa wa Mzee Hango, isipokuwa mtamba mmoja mwekundu ambaye baba yako alipewa baada ya kutunza wenzake miaka mingi, naye alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe.

Kwetu ndivyo mambo yalivyo. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote nyumbani kwake. Anawagawa, hawa kwa fulani, wale kwa fulani kijiji cha pili, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimmalize, na ili jicho la jirani, la ndugu na la mtoza kodi lisiuone utajiri wake wote mahali pamoja. Anayewatunza anakunywa maziwa na anapata samadi. Bila samadi shamba letu la uwele lisingetoa hata chakula cha kuku. Kwa hiyo usidhani Mzee Hango alitufanyia wema, wala usidhani alitunyonya. Ilikuwa kazi, na ilikuwa heshima. Heshima hiyo ina sharti moja ambalo kila mtoto wa kiume anafundishwa: mgeni akikuuliza ng'ombe hawa ni wa nani, unasema ni wangu. Ukisema ni wa fulani umemvua nguo mwenzako barabarani. Hakuna atakayekuwekea mnyama tena, na mwanao hatakunywa maziwa.

Baba yako alikuwa hodari wa kushika sharti hilo. Mimi nilimcheka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, mke kijana, najua kusoma gazeti kwa sauti, na nilimwambia, "Salimu, siku moja utaulizwa na malaika, na huko nako utasema ni wangu." Akajibu, "Malaika atakuwa na adabu, hataniuliza." Tulicheka sana. Nakuandikia hili ili ujue kwamba baba yako alikuwa mtu wa kucheka, maana nadhani umesahau.

Halafu dume la Mzee Hango likakubana kwenye nguzo ya lango la zizi.

Mfupa ulitoka nje ya ngozi. Mganga wa mifupa pale kijijini alikufunga vijiti akakukanda, na mkono wake si mbaya, amewaponya wengi, lakini hakuwa na la kufanya na kidonda. Kidonda kikaoza. Tulipokufikisha hospitalini Singida mjini ulikuwa unaongea maneno yasiyoeleweka, na daktari alinusa kabla hajaangalia. Alisema upasuaji ufanyike upesi, ama mguu ukatwe. Kisha akaandika vitu vya kununua: dawa, glavu, uzi, hata nyembe.

Wakati mimi nasoma, matibabu yalikuwa bure, na mara nyingi dawa hazikuwepo. Ulipougua wewe, dawa zilikuwepo, zimepangwa vizuri madukani mkabala na lango la hospitali, na hazikuwa bure. Redioni walisema wananchi sasa wanachangia. Neno zuri, kuchangia. Harusi tunachangia. Muuguzi aliponiona nimesimama na ile karatasi mkononi aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, kuna msamaha kwa wasio na uwezo. Nenda ofisi ile, uombe."

Nikaomba. Najua kuomba kwa maandishi, nilijifunza shuleni, Ndugu Mkuu husika na kichwa cha habari. Afisa alisoma, akanisifu mwandiko. Akasema hawezi kutoa msamaha kwa maneno, lazima aje kuona hali ya nyumbani, kwa sababu watu wengi wanajifanya mafukara. Alikuja siku iliyofuata kwa pikipiki, na kwa hilo namshukuru, maana wengine walisubiri wiki.

Jumanne, ile ndiyo saa iliyotuua, na ilikuwa saa nzuri ya mchana, jua linawaka, kila mtu ana adabu. Baba yako alimletea kigoda. Afisa aliiangalia tembe yetu, akaona paa la udongo limepasuka. Akaangalia ghala, tupu. Naona kabisa alikuwa anaelekea kutusaidia. Kisha ng'ombe wakaanza kurudi kunywa maji. Wakapita mbele yake, mmoja baada ya mwingine, wamenona.

"Hawa je?" akauliza.

Baba yako akawaelekeza kwenye maji.

"Nauliza, mzee. Hawa ng'ombe wa nani?"

"Wangu," baba yako akasema.

"Wote?"

"Wote."

Afisa akacheka, bila ubaya. "Sasa bwana mkubwa, una benki nzima inatembea uani, unataka serikali ikununulie glavu?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika kikombe cha maji ya mgeni. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu: si wake, ni wa kuwekwa. Maneno machache tu. Sikuyasema. Siwezi kukudanganya kwamba niliheshimu mila. Mila nilikuwa naicheka. Niliona aibu. Yule afisa alikuwa kijana wa rika langu, amevaa shati lililopigwa pasi, na alikuwa amesifu mwandiko wangu. Nilipendelea anione mke wa mwenye ng'ombe kuliko mke wa mchungaji. Baba yako alinyamaza kwa ajili ya neno alilompa mtu. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya shati.

Afisa akaandika kwamba tuna uwezo, akamaliza maji, akaondoka.

Baba yako alikwenda kwa Mzee Hango kuomba ruhusa. Akaambiwa mzee yuko Nzega kwa binti yake, hajulikani atarudi lini. Mguu wako haukuwa na subira ya kungoja mtu arudi kutoka Nzega. Akachukua jike moja lililokoma kuzaa, asichukue dume wala mwenye maziwa, akaliswaga mpaka mnadani hapa Ikungi, akaliuza mchana kweupe mbele ya kila aliyemjua. Nani anaiba hivyo? Wakati huo wanunuzi walikuwa wameanza kuja na malori makubwa kutoka Dar es Salaam, maana biashara imefunguliwa, kila mtu anunue atakako. Aliyenunua hakuuliza kitu. Jioni ulikuwa mezani kwa daktari.

Mzee Hango aliporudi, baba yako hakungoja kuitwa. Alikwenda mwenyewe, akavua kofia, akaeleza. Zamani mambo yangeishia hapo. Angekemewa, angetozwa fahali la kuchinja, angetumikia miaka kadhaa bila ndama, na wazee wangekunywa pombe yao ya mtama. Nilikwenda naye. Niliyasikia kwa masikio yangu.

"Nitakulipa ndama wa kwanza na wa pili watakaokuwa fungu langu, mzee wangu," baba yako alisema.

"Ndama?" Mzee Hango akasema. "Salimu, ndama analipa ada? Nina watoto wawili sekondari, na mwalimu mkuu hataki kusikia habari ya ndama. Jike lile lori lingelinunua mwezi ujao kwa bei mara mbili."

"Mtoto alikuwa anakufa."

"Na nikikusamehe wewe? Nina ng'ombe kwa watu wengi, unawajua. Kila mmoja ana mtoto, kila mtoto ana tumbo au mguu. Wakisikia Salimu ameuza akasamehewa, mwaka huu wote nitabaki na kamba."

Namchukia Mzee Hango. Nataka ulijue hilo, ili usije ukasikia kwa mtu kwamba mama yako alisamehe. Lakini nimelifikiria jibu lake kwa miaka, na kila nikilifikiria silioni kosa lake. Hesabu yake ilikuwa sawa. Naye aliogopa. Kila mtu katika habari hii aliogopa kitu, na woga ulikuwa unashuka chini, kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, mpaka ukamfika ambaye chini yake hakuna mtu.

Mzee Hango akaenda polisi, na baba yako akakamatwa wewe ungali umelazwa, mguu umefungwa. Kosa: wizi wa mifugo. Mkoa mzima ulikuwa umechoka na wizi wa mifugo wakati ule. Watu walikuwa wanakesha na mishale, na redioni viongozi walikuwa wanataka adhabu kali. Adhabu kali zilipatikana.

Mahakamani baba yako alisema ng'ombe alikuwa wa kuwekwa, aliuza kwa dharura, na alitaka kulipa. Mwendesha mashtaka alikuwa askari mnene mchangamfu. Akasimama, akauliza, "Ulipotembelewa na afisa wa serikali, ulisema ng'ombe ni wa nani?"

"Nilisema wangu."

"Leo unamwambia mheshimiwa hakimu ni wa nani?"

"Wa Mzee Hango."

"Sasa bwana Salimu, tukuamini wewe wa siku ile au wewe wa leo?" Watu wakacheka. Walicheka hadi walio nje ya dirisha. "Mheshimiwa, mshtakiwa alikwisha jimilikisha mali ya mwenzake siku kadhaa kabla ya kuiuza."

Nikaitwa. Hakimu aliniuliza kwa upole, kwa sababu alijua nimesoma. "Mama, ulikuwepo mumeo aliposema ng'ombe wote ni wake?"

Nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa."

"Asante. Kaa."

Nikakaa. Shuleni walitufundisha kujibu swali lililoulizwa, si zaidi. Nilipata alama nzuri kwa kufanya hivyo. Nililijibu lile swali vizuri kabisa, na lilimfunga.

Hili ndilo nililotaka ulielewe, na sijui kulisema kwa namna iliyo bora. Hospitalini wale ng'ombe walikuwa wake, kwa hiyo alikuwa tajiri, alipe. Mahakamani walikuwa wa mwenzake, kwa hiyo alikuwa mwizi, afungwe. Ng'ombe ni wale wale. Afisa hakusema uongo. Hakimu hakula rushwa, nilimtazama sana, hakula. Kila ofisi ilifanya kazi yake, na baina ya ofisi moja na nyingine palikuwa na mtu amesimama, na hakuna ofisi iliyopewa kazi ya kumtazama.

Baada ya hapo Mzee Hango aliwahamisha ng'ombe wake. Shamba bila samadi likafa. Nikaja nawe hapa, nikatafuta kazi, na kwa cheti changu nikapata ukarani mnadani. Ndiyo, pale pale alipouzwa yule jike. Wewe umeniona nikienda kazini kila siku ya mnada na kalamu yangu, na najua unaniona mwoga. Uliwahi kuniambia, "Mama, wewe ukimwona bosi wako unapungua urefu." Nilikuchapa kofi kwa sababu ni kweli.

Napungua. Watu wanapunguzwa kazini kila mahali. Kiwanda kikiuzwa wanapunguzwa, shirika likifungwa wanapunguzwa, na mimi sina ndugu wa kunisemea. Kwa hiyo nakaa kwenye meza yangu chini ya bati, naandika vibali vya kusafirisha mifugo. Na nitakuambia ninachokiona, usimwambie mtu mpaka utakapokuwa mkubwa.

Naona lori linajazwa ng'ombe ambao hakuna mwenye kujua wametoka wapi. Alama za masikioni zimekatwa upya, damu haijakauka. Mnunuzi ana miwani ya jua na ana haraka. Nasema, "Bosi, hawa hawana barua ya kijiji." Bosi anasema, "Karani, umekuja hapa kuandika au kuchunga? Andika." Naandika. Lori linaondoka, na polisi kwenye kizuizi wanalipungia mkono. Wiki hiyo hiyo analetwa kijana kutoka upande wa Mtinko, amefungwa kamba mikono nyuma, meno yamevunjwa na wananchi wenye hasira kali, kwa ajili ya mbuzi mmoja. Wanapita naye mbele ya meza yangu. Aliwahi kuniangalia mmoja wa namna hiyo akaniambia, "Dada, naomba maji." Nilitazama kwanza kama bosi ananiona.

Nilimpa. Lakini nilitazama kwanza.

Usinielewe vibaya. Sisemi wezi hawapo. Wapo, na wengine ni watu wabaya, wanaoua mchungaji mtoto kwa mshale ili wachukue kundi. Huyo kijana wa mbuzi sijui alikuwa mtu gani, pengine alikuwa mtu wa hovyo. Ninachosema ni kwamba nimekaa miaka pale kwenye meza, mahali ambapo mali yote ya mkoa huu yenye kwato inapita, na bado sijamwona mwizi mwenye lori akifungwa kamba. Wanaofungwa kamba wana sura moja, na midomo yao imekauka. Wakubwa wakija kukagua wanauliza kwa nini uhalifu umeongezeka, wanaambiwa vijana hawapendi kazi. Na mimi, niliyesoma, nimesimama pembeni na soda zao kwenye sinia.

Sasa nije kwako.

Redio ya mwalimu wa hesabu ilipopotea, begi lako ndilo lililokuwa la kwanza kupekuliwa. Hawakukuta kitu. Redio alikuwa nayo mtoto wa mwenye mashine ya kusaga, aliichukua akapige muziki, na hakuna aliyemwita mwizi, walimwita mtundu. Ulirudi nyumbani ukatupa madaftari. Nilidhani utamchukia mwalimu. Nilidhani utamchukia yule mtoto. Ulisema nini? Ulisema, "Kisa ni baba. Asingeiba, wasingenipekua."

Pale ndipo ulipokosea adui, mwanangu, na hujarudi mpaka leo. Sikukusahihisha kwa sababu nilifurahi, kwa siri, kwamba hukunichukia mimi. Ona nilivyo. Nilimwacha baba yako abebe na hilo, kwani alikuwa mbali na mabega yake tayari yana mzigo.

Usimchukie ili watu wakuone safi. Hawatakuona safi. Watapekua begi lako kwanza hata huko Dodoma, wakijua habari, na wewe utakuwa umempoteza baba bure. Mtu akikuuliza baba yako yuko wapi, sikulazimishi useme. Mimi mwenyewe kazini nimesema amekwenda migodini. Ila kuficha ni kitu kimoja, kukana ni kingine. Ukificha kitu, bado unacho.

Mwaka jana nilikwenda Manyoni. Ulikataa kufuatana nami, ukasema una mtihani, na haukuwepo mtihani. Nilimkuta amekonda, nywele zimeingia mvi, na amejifunza kusimama huku ameangalia chini. Askari alitupa muda mfupi. Hakuuliza habari zangu. Aliniuliza, "Jumanne anatembea?"

Nikasema, "Anatembea, anacheza mpira, anakimbia na wenzake."

Akanitazama akatabasamu vile unavyomtabasamia mtoto anayesema uongo mzuri. "Mama Jumanne, ungesema nini kingine?"

Nikaapa. Akasema, "Usiape. Uliniambia hivyo hivyo kwenye barua. Iddi naye anasema hivyo hivyo. Mmepanga." Nilikuwa nimebeba ile picha tuliyopiga mjini, wewe umevaa sare. Aliishika kwa mikono miwili, akaiangalia, akaiangalia.

"Amesimama," akasema.

"Si unaona!"

"Hata mti husimama."

Nikamuuliza kwa nini tumdanganye. Akasema humo ndani watu wote wanaambiwa na ndugu zao kwamba nyumbani hali ni nzuri. Mmoja aliambiwa hivyo mpaka mwisho, na mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa zamani. "Mimi nimeshakubali," alisema. "Walimkata. Si kitu, yuko hai. Ila nilitaka kujua kama yule jike alifaa." Kisha askari akasema muda umekwisha, naye akaenda bila kugeuka, kwa sababu hawaruhusiwi kugeuka.

Tangu siku hiyo sijaona usingizi wa maana. Nimeandika barua mbili nyingine. Nimeandika vizuri, unajua ninavyoandika. Lakini yeye ni mtu aliyefungwa na maandishi, mwandiko wa afisa na mwandiko wa mahakama, na sasa mke wake naye anamletea mwandiko. Kwa nini aamini? Mimi nisingeamini.

Kwa hiyo sikuombi umsamehe, wala umwite baba kwa sauti tamu. Kama una hasira, nenda nayo. Kama hutaki kusema naye, usiseme. Usimpelekee kitu, mjomba wako atapeleka tumbaku. Ukifika langoni waambie jina la baba yako lote kwa sauti inayosikika, maana askari hurudisha watu wanaonong'ona. Chumba cha kuonana kina benchi refu upande wa wageni. Iddi atataka ukae karibu yake. Usikae. Ngoja mpaka waingie wafungwa, ngoja mpaka umwone amekuona, kisha tembea. Kutoka mlangoni hadi mwisho wa benchi, na kurudi. Askari watakuuliza unafanya nini, waache waulize.

Mpandishie suruali yako mguu wa kulia, aone kovu, asije akadhani ni wa mbao.

Zuhura, mama yako